Ng'ombe wa Mzazi

AGATHA: Haloo! Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

HERMAN: Dada, ni mimi.

AGATHA: Mimi nani? Sema kwa nguvu, huku kuna upepo—

HERMAN: Herman! Mdogo wako Herman. Shikamoo dada.

AGATHA: Marahaba. Simu ya nani hii?

HERMAN: Ya Sebastiani, mtoto wa baba mdogo. Yangu nimeizima. Watu wananisumbua.

AGATHA: Yako nimeipiga tangu juzi. Yule dada wa kwenye simu ananiambia hupatikani. Nikamjibu, hilo nalijua.

HERMAN: [anacheka kidogo] Unajibizana na rekodi, dada?

AGATHA: Siku hizi ndiye peke yake anayenijibu. Uko wapi?

HERMAN: Nyumbani. Endagikot, kwa mama.

AGATHA: Mama anaendeleaje?

HERMAN: Hajambo kabisa. Yuko bustanini. Vitunguu swaumu vimekubali mwaka huu, ungeviona.

AGATHA: Amekuchinjia kuku.

HERMAN: Jana. Unamjua mama.

AGATHA: Namjua. Na umemwambia umekuja kufanya nini?

HERMAN: Likizo.

AGATHA: Likizo.

HERMAN: Sasa nimwambie nini? Mtu wa umri ule, na presha yake—

AGATHA: Sijakulaumu. Nimeuliza tu.

HERMAN: Wewe uko wapi? Nasikia upepo mtupu.

AGATHA: Juu ya kichuguu, nyuma ya mashine ya kusaga. Ndipo netiweki inaposhika. Na chini yangu, kwenye kivuli cha ukuta wa mashine, wamekaa akina mama.

HERMAN: Akina mama gani?

AGATHA: Wote.

HERMAN: Wote kina nani?

AGATHA: Herman, ukisikia kikao cha akina mama huku mbugani, ni wote. Mwenye fimbo na mwenye mtoto mgongoni. Bibi Udaghwenga amekaa mbele. Wanasubiri nikupate.

HERMAN: Wanatusikia?

AGATHA: Hawasikii. Wananiangalia mdomo.

HERMAN: Basi geuka. Wape mgongo.

AGATHA: Sigeuki. Nikigeuka watasema tunapanga.

HERMAN: [mkwaruzo wa mawimbi] —sikia dada, salio ni dogo, tena si langu. Diwani amenipigia kupitia kwa Sebastiani. Anasema hao akina mama wanataka kutembea kwa miguu mpaka Katesh, wakakae nje ya ofisi za wilaya hadi wasikilizwe. Ni kweli?

AGATHA: Ni kweli. Kesho alfajiri, kama leo hawajapata jibu lako.

HERMAN: Wakifika Katesh mimi sina kazi.

AGATHA: Wanalijua hilo.

HERMAN: Ndiyo maana nakupigia! Wewe ni mtu wao. Umeolewa huko miaka ishirini, lugha yao unaijua, unakula nao. Waambie tu kwamba—

AGATHA: Nilikuwa.

HERMAN: Nini? Unakatika.

AGATHA: Nasema nilikuwa mtu wao. Ngoja kwanza. Kabla sijawaambia kitu nataka nielewe mwenyewe. Watu wamesema mengi, na mimi sipendi kumhukumu mtu kwa maneno ya kisimani. Nitakuuliza moja moja, na wewe utanijibu moja moja.

HERMAN: Dada, salio—

AGATHA: Basi jibu kwa kifupi. Ulikwenda kwa Gidahosh?

HERMAN: Nilikwenda. Na mgambo, Nicodemo na mwenzake. Ni kazi, dada. Mchango wa madarasa ya sekondari ni kila kaya, asiyetoa anakamatiwa mfugo. Mimi ndiye mtendaji wa kata. Nisipokusanya mimi, nani akusanye? Tangu tuwe mkoa mpya kila siku ni ripoti, ripoti, wageni wa ukaguzi wanakuja, jengo halina hata lenta—

AGATHA: Gidahosh ulimkuta?

HERMAN: Utamkutaje? Kahamisha mifugo kufuata majani. Hao watu, ukiwatafuta kwa maendeleo, wako na ng'ombe. Ukitangaza mnada, unawakuta wamefika kabla yako.

AGATHA: Nyumbani ulimkuta nani?

HERMAN: Mke wake.

AGATHA: Restituta. Na nani?

HERMAN: Na mtoto.

AGATHA: Mtoto mkubwa?

HERMAN: Mchanga.

AGATHA: Na mlangoni palikuwa na nini?

HERMAN: Dada, haya maswali yote—

AGATHA: Mlangoni, Herman.

HERMAN: Palikuwa na majani majani.

AGATHA: Tawi bichi.

HERMAN: Tawi, majani, mimi sijui. Mimi si bwana miti.

AGATHA: Mama alipokuzaa wewe, baba alihamia kwa baba mdogo mpaka alipoitwa arudi. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni kuwarudisha wageni. Padri mwenyewe alikuja, akabariki akiwa uani, akaenda zake. Kwetu hatuweki tawi kama wao, lakini nyumba ya mzazi tunaijua. Sasa niambie. Hukuliona, au uliliona?

HERMAN: Niliona.

AGATHA: Ukafanya nini?

HERMAN: Nilipiga hodi. Kwa heshima zote. Hakutoka mtu.

AGATHA: Mzazi angetokaje?

HERMAN: Basi tukaingia. Mara moja tu.

AGATHA: Na viatu.

HERMAN: Viatu vinaingiaje hapa?

AGATHA: Viliingia. Ndicho wanachosema. Viliingia mpaka kwenye ngozi aliyolalia. Alikuwa ananyonyesha, kifua wazi, na nyinyi wanaume watatu mmesimama juu yake na tochi.

HERMAN: Ndani kulikuwa giza!

AGATHA: Ndiyo. Waliliweka giza makusudi, mtoto alale.

HERMAN: [mkwaruzo] —sikia, ng'ombe walikuwa wamemficha humo ndani. Hilo nalo waseme! Ng'ombe mzima, yuko ndani ya nyumba, nyuma ya fito.

AGATHA: Hawakumficha. Huyo ndiye ng'ombe wa mzazi. Mume akihama na mifugo, anamwachia mke mmoja mwenye maziwa, analala naye nyumba moja mpaka mtoto akaze shingo. Huku kuna watu wanaiba ng'ombe kama wewe ulivyokuwa ukichuma mapera kwa jirani. Huyo hawamgusi.

HERMAN: Hakuna sheria ndogo ya halmashauri inayosema hivyo.

AGATHA: Sheria ndogo. [anashusha pumzi] Haya. Alikubali kutoka?

HERMAN: Alisumbua. Alikuwa anamlilia ndama.

AGATHA: Mlimswaga kwa kitu gani?

HERMAN: Netiweki, dada, inak—

AGATHA: Netiweki ni nzuri. Nakusikia unavyomeza mate.

HERMAN: Nicodemo ndiye aliyelichomoa lile tawi.

AGATHA: Na aliyelishika?

HERMAN: Akanipa mimi. Sasa nimeshikishwa kitu mkononi, ng'ombe yuko mbele yangu, ndiyo hivyo. Hata sikufikiri.

AGATHA: Ukamchapa ng'ombe wa mzazi kwa tawi la mlango wake.

HERMAN: Mara mbili tatu.

AGATHA: Njia nzima. Watoto wa shule walikuona. Sasa wamefanya mchezo. Mmoja anakuwa ng'ombe, mmoja anakuwa wewe. Juzi niliwakuta, nikasimama kuangalia. Yule anayekuwa wewe anatembea hivi, tumbo mbele.

HERMAN: Watoto hawana adabu.

AGATHA: Na kibuyu?

HERMAN: Kibuyu gani tena?

AGATHA: Cha maziwa, kilichokuwa kando ya kichwa cha Restituta alipolala.

HERMAN: Nicodemo alikuwa na kiu. Jua lote lile, dada, tumetembea tangu—

AGATHA: Wewe hukuwa na kiu.

HERMAN: Nilionja tu.

AGATHA: Mh.

HERMAN: "Mh" ya nini?

AGATHA: Nimeguna. Endelea. Ng'ombe alikwenda wapi?

HERMAN: Ofisini, kufungwa na mifugo mingine. Kusubiri mnada.

AGATHA: Mnada aliufikia?

HERMAN: Wageni walikuja ghafla! Taarifa tunaipata jioni, asubuhi wamefika, magari mawili. Ulitaka tuwape makande?

AGATHA: Mimi ningewapa makande. Mkamchinja.

HERMAN: Kamati iliamua.

AGATHA: Kamati ni nani?

HERMAN: Mimi na... Nicodemo alikuwepo.

AGATHA: Na darasa wakalikagua.

HERMAN: Walikagua. Wakiwa kwenye gari. Kulikuwa na vumbi.

AGATHA: Natafuta mahali pa kuyaweka haya kichwani, yote hayaenei. Sasa tufike kwangu. Jioni ile Nicodemo alikuja nyumbani, ana mfuko wa rambo. Akasema, mgao wako huu, mtendaji amekukumbuka.

HERMAN: Si unaona! Nilikuwazia mema. Nilijua unapenda ini.

AGATHA: Nalipenda. Nililikaanga kwa kitunguu. Nikasali kabla ya kula, na wewe nikakutaja. Nikasema, Mungu, Herman amekuwa mtu mzima, anamkumbuka dada yake. Nikala. Nikasugua sufuria kwa ugali, Herman, nikaacha inang'aa.

HERMAN: Lakini wewe hukujua.

AGATHA: Mimi sikujua. Wewe ulijua. Asubuhi nipo kisimani, ndipo nikasikia ni ng'ombe wa nani. Nilitapika pale pale, mbele yao wote. Nikadhani wataniona, watanihurumia. Bibi Udaghwenga akaniangalia, akasema taratibu kabisa: "Hayo ni ya leo. La jana umeshalifanya damu."

HERMAN: Ushamba huo! Dada, wewe ni Mkristo, umepata kipaimara, unaimba kwaya—

AGATHA: Nilikwenda kwa katekista. Nimetubu. Ameniambia nimesamehewa na mbingu. Sawa. Lakini katekista hachoti maji kisimani.

HERMAN: Wanakuzuia maji?

AGATHA: Hawanizuii. Wangenizuia ningegombana nao. Wananipisha. Nikifika, wote wanasogea, naambiwa karibu uchote, nachota peke yangu. Kwenye mashine hivyo hivyo. Naanika mahindi, hakuna anayeketi upande wangu. Mama Qamara amenirudishia ungo wangu. Ameuegemeza kwenye ua, hakupiga hata hodi. Ungo ule tumekuwa tukipeana tangu watoto wetu hawajaota meno.

HERMAN: Itapita. Mambo ya wanawake.

AGATHA: Nikapeleka maziwa kwa Restituta. Wanampelekea kwa zamu, kila nyumba na kibuyu chake, kwa sababu maziwa yake mwenyewe yanakauka. Nami nikasema nipeleke. Hawakuyamwaga. Waliyaacha hapo nje nilipoyaweka, mpaka yakaganda, mpaka yakatoka harufu, nzi wamejaa mdomoni mwa kibuyu. Nikaenda kukichukua mwenyewe. Hata hujaniuliza mtoto.

HERMAN: Nini?

AGATHA: Mtoto wa Restituta. Tumeongea yote haya, hujaniuliza hajambo au vipi.

HERMAN: Nilikuwa naelekea huko. Hajambo?

AGATHA: Yupo. Analia sana. Ni wa kike.

HERMAN: Basi tushukuru.

AGATHA: Wewe usishukuru bado.

HERMAN: [mawimbi] —dada, umenikasirikia.

AGATHA: Sijui kama ni hasira. Hasira naijua, inakuja inaondoka. Hii imekaa hapa kooni kama mafuta ya ng'ombe yaliyopoa. Nikimeza, ipo.

HERMAN: Sasa wanataka nini? Waseme wanachotaka, tumalize.

AGATHA: Wamesema siku ile ile. Uje na dume jeusi, kutoka zizi lako mwenyewe, ulishike kamba mwenyewe. Usimame mbele yao, useme ulichofanya kwa mdomo wako. Watalichukua dume, watalichinja, watakula wao. Halafu wataweka tawi jipya mlangoni kwa Restituta, na neno litakuwa limekwisha. Hawatakwenda Katesh. Na mimi watanisogelea.

HERMAN: Wewe unaingiaje?

AGATHA: Ulipopangiwa kazi huku, nani alikutembeza nyumba hadi nyumba? Nilisema, huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, mkimwona mmeniona mimi. Sasa wamekuona. Wanasema niseme niko wapi. Kama wewe ni wangu, nikulete. Nikishindwa kukuleta, basi niko kwenye zizi lako, nikale huko huko.

HERMAN: Wanakutisha.

AGATHA: Hawanitishi. Nilipofiwa na mwanangu wa pili, wewe ulikuwa bwenini. Mama yuko Endagikot, mvua zimekata njia. Unajua nani alinilaza? Udaghwenga. Alijilaza nyuma yangu akanishika hivi, tumboni, mpaka nilipopata usingizi. Mama Qamara alipika nyumbani kwangu mpaka nikaweza kushika mwiko. Watu wa namna hiyo hawahitaji kunitisha, Herman. Wakinyamaza tu, nimekwisha.

HERMAN: [kwa sauti ndogo] Nimekuelewa.

AGATHA: Utakuja?

HERMAN: Tufanye hivi. Nimtumie Restituta khanga na sabuni. Doti mbili. Za Babati, nzuri.

AGATHA: Wamesema dume.

HERMAN: Mbuzi basi. Mbuzi wawili, na—

AGATHA: Herman, hapa si sokoni Gehandu. Hawakutaja bei, wametaja jambo.

HERMAN: Wewe una lile dume lako la kulimia. Si jeusi?

AGATHA: Herman!

HERMAN: Ni wazo tu! Ulitoe wewe, nitakurudishia mwezi ujao, Mungu shahidi. Useme limetoka kwangu.

AGATHA: Niwaambie uongo.

HERMAN: Si uongo, ni... ni mkopo.

AGATHA: Na msimu huu nilime kwa kitu gani? Nikufunge nira wewe?

HERMAN: Dada, usinitanie.

AGATHA: Sitanii. Na kusimama je? Hilo nalo litasimama kwa niaba yako?

HERMAN: Mimi nisimame mbele ya wanawake? Mimi mtendaji? Nishike kamba kama mchunga, wanizomee, kesho niwaitishe mkutano wa kijiji? Nani atanisikiliza tena?

AGATHA: Siku hizi wanakusikiliza?

HERMAN: Dada!

AGATHA: Nimeuliza tu. Nicodemo alisimama mbele yao jana.

HERMAN: Nicodemo?

AGATHA: Alikuja mwenyewe, na dume la mjomba wake. Alilia. Akasema alichomoa tawi, akasema alikunywa maziwa. Alipomaliza, Udaghwenga akampa maji. Leo nimemwona anapita, anasalimiwa.

HERMAN: Nicodemo ni mtu mdogo. Hana cha kupoteza.

AGATHA: Mh.

HERMAN: [mlio wa simu: tiii] Umesikia? Hilo ni salio. Subiri, subiri, nina wazo. Lenye akili kabisa. Ofisi haijafungwa?

AGATHA: Mlinzi yupo. Kwa nini?

HERMAN: Nyuma ya ofisi, kwenye lile zizi la mifugo iliyokamatwa, kuna dume jeusi. Jeusi tii. Mnada haujafika. Mwambie mlinzi mtendaji amesema akupe. Ulifunge kamba, ulipeleke, useme Herman ameleta.

AGATHA: Lile dume ni la Mzee Gidamis.

HERMAN: Lilikuwa lake. Sasa ni la serikali.

AGATHA: Mmelikamata wiki ile ile mliyomkamata wa Restituta.

HERMAN: Ndiyo hilo. Lipo tu, linakula majani bure.

AGATHA: Ngoja. Ngoja nielewe, nisikosee. Niwalipe akina mama ng'ombe mliyemnyang'anya Restituta, kwa dume mlilomnyang'anya Gidamis.

HERMAN: Ukisema hivyo inaonekana vibaya.

AGATHA: Inasemwaje vizuri?

HERMAN: Sema tu... sema limepatikana. Dume ni dume! Wanataka jeusi, ni jeusi. Watalichinja, watakula, watafurahi, Katesh hawaendi, na wewe watakusogelea. Si ndicho unachotaka? Kila mtu anapata chake!

AGATHA: Mke wa Gidamis ni nani?

HERMAN: Nitajuaje wake zao wote?

AGATHA: Mama Qamara. Yule wa ungo. Amekaa pale chini, mstari wa pili, amejifunika shuka ya bluu. Namwona. Naye ananiona.

HERMAN: [mawimbi]

AGATHA: Unataka nimlishe Mama Qamara dume la mume wake, halafu nikae naye kisimani.

HERMAN: Hatalijua likishachinjwa. Nyama ni nyama.

AGATHA: Hivyo ndivyo ulivyoniwazia na mimi. Siku ile ya ini. Nyama ni nyama.

HERMAN: Sikumaanisha hivyo—

AGATHA: Nilikuwa najiuliza, Herman. Usiku nalala nikisema labda alisahau, labda alichanganyikiwa na wale wageni, labda Nicodemo ndiye aliyeleta ini kwa akili yake. Nikakutafutia visingizio kama mtu anayeokota kuni gizani. Sitaokota tena.

HERMAN: [mlio: tiii] Dada, salio linakwisha, usiongee sana, sikia—

AGATHA: Nitakuuliza la mwisho. Unakuja?

HERMAN: Waambie nakuja.

AGATHA: Sijauliza niwaambie nini. Unakuja?

HERMAN: Waambie tu nakuja, kesho kutwa, wiki ijayo, wapoze. Likishapoa hakuna atakayekumbuka. Nimeomba uhamisho, dada. Diwani ananisaidia. Wakikaa kimya wiki moja tu, barua inatoka, mimi nimeshaondoka, sirudi huko tena.

AGATHA: Na mimi?

HERMAN: Wewe umezoea huko.

AGATHA: [upepo]

HERMAN: Haloo? Dada Agatha? Upo?

AGATHA: Nipo. Sasa nisikilize vizuri, sitarudia. Nitashuka hapa kichuguuni. Dume langu la kulimia nitalitoa, kwa ajili ya ini nililokula mimi. Hilo ni langu, nitalishika kamba mwenyewe, nitasimama mwenyewe. Msimu huu nitalima kwa jembe la mkono. Kwako sitoi kitu. Kwako nitawapelekea jibu lako.

HERMAN: Jibu gani? Kwamba nakuja?

AGATHA: Jibu ulilonipa. La doti mbili za khanga. La dume la Gidamis. La uhamisho. Neno kwa neno, kama ulivyolisema.

HERMAN: Hapana! Dada, hapana, wewe ni damu yangu! Utaniua! Wakilisikia la Gidamis hawataishia Katesh, watafika mkoani, Babati! Mama atasikia, presha ya mama—

AGATHA: Mama atasikia. Mwahi wewe. Yuko hapo bustanini.

HERMAN: [mlio: tiii, tiii] Dada, nakuomba, shikamoo nyingi, usiseme la dume. Sema mengine yote. La dume liache, sema—

AGATHA: Msalimie mama. Mwambie nitakuja kumwona baada ya mavuno.

HERMAN: —sema tu hukunipata! Sema netiw—

AGATHA: Haloo? Haloo. [upepo] Imekatika. Nakuja, bibi! Nashuka, nishikeni mkono hapa panateleza. Ndiyo, nimempata. Mama Qamara, kaa karibu. Amejibu.